Jengo Kongwe Halilindwi na Kibao

Jengo la kale linapoangushwa Kisumu au Nakuru, lawama zote hutupiwa tingatinga. Mara nyingi tingatinga hilo limekuta maiti. Paa lilianza kuvuja zamani, gata zikaota nyasi. Mwenye hati alifariki na watoto hawajawahi kwenda mahakamani kurithi. Mpangaji wa chini analipa kodi isiyoweza kununua hata mabati kumi, na miaka iliyobaki ya ardhi yenyewe inahesabika kwa vidole. Siku ya kubomoa ni siku ya mazishi tu. Kifo kilitokea mapema.

Katika ukanda wa reli kutoka Nakuru hadi Kisumu, na magharibi kwa jumla, kilichosimama mpaka leo ni kile ambacho ndani yake bado kuna kazi. Kazi hiyo ina mtu anayejua kuitengeneza inapoharibika, na karatasi zake haziko kwa jina la marehemu. Kibao cha ukumbusho hakizibi pengo la hata kimoja kati ya hivyo.

Reli ilipita Nakuru mwaka 1900 na ikafika Kisumu, iliyoitwa Port Florence wakati huo, Desemba 1901. Karibu kila kitu tunachokiita cha kale katika ukanda huu ama kilishushwa kutoka behewani ama kilijengwa ili kupakia kitu behewani: ghala za nafaka za Nakuru na Njoro, viwanda vya mbao vya Elburgon na Molo, tanuri za chokaa za Koru, mashamba ya miwa ya Muhoroni, Chemelil, Miwani na Kibos, halafu maduka ya Wahindi na gati la Kisumu. Hata meli zilikuja kwa treni. Winifred ya 1902 ililetwa vipande vipande kutoka Uingereza ikaungwa Kisumu. Victoria ya 1961 vivyo hivyo.

Urithi wa namna hii hauna umri wa Lamu wala hadhi ya Fort Jesus. Ni mabati, mawe ya kuchonga, chuma na masizi. Hakuna mtalii atakayelipa kiingilio ili aone ghala la mahindi. Kasri la Lord Egerton kule Njoro, lenye vyumba 52 na lililojengwa kati ya 1938 na 1954, linajipatia riziki kwa wageni na harusi, na hiyo pia ni kazi. Lakini harusi haziwezi kutosha kila ghala lililoko kati ya Njoro na Kibos.

Sheria ya Makavazi na Urithi wa Kitaifa ya 2006 inampa waziri uwezo wa kulitangaza jengo kuwa la kulindwa, kupitia Gazeti Rasmi la Serikali. Baada ya tangazo, mwenye jengo hawezi kulibomoa wala kulibadilisha bila idhini. Vizuri. Ila tangazo haliji na mabati. Mwenye duka la miaka ya 1930 anapata wajibu mpya bila mapato mapya, na ndiyo maana uvumi wa kuorodheshwa unaweza kuharakisha ubomoaji badala ya kuuzuia. Mnara wa saa wa Kisumu, uliozinduliwa Agosti 1938 kwa kumbukumbu ya mfanyabiashara Kassim Lakha, hauna shida hiyo: haulipiwi kodi, hauna mpangaji, na hakuna ndugu wanaougombania. Maduka ya enzi yake hayana bahati hiyo.

Ukitaka kuona kitu cha kale kinavyojilinda chenyewe, acha mji uende kwenye viwanda vya sukari nguru, vile ambavyo watu wengi huvipita wakiziba pua. Familia za Kihindi zilianza kulima miwa Kibos mwanzoni mwa karne ya 20, na kazi ya kuchemsha nguru ikaenea hadi mikononi mwa wakulima wa Muhoroni, Malava, Kabras na Awendo. Leo vingi vinaendeshwa na familia za hapo hapo kijijini, baba akimwachia mwana, au mama akishika daftari la hesabu.

Kiwanda kizima hukaa chini ya banda moja. Injini ya dizeli ya mwendo wa polepole huvuta mkanda, nao mkanda huzungusha kinu cha rola tatu. Muwa uliokatwa unafaa kusagwa kabla ya saa 24 kupita. Ukilala siku mbili tatu kwenye jua la nyanda za Kano, karibu na Kisumu, sukari iliyo ndani huanza kuvunjika, na nguru itakayotoka haitashika. Itabaki tepetepe hata uipike vipi. Kilo 100 za miwa zikipita kwenye kinu kilicho sawa hutoa kilo 55 hadi 60 za maji ya miwa. Maji huchujwa, huachwa yatulie kidogo, kisha huingizwa kwenye karai la kwanza.

Hapo ndipo chokaa huingia. Hukorogwa kwa maji mpaka iwe nyeupe kama maziwa, halafu humiminwa kidogo kidogo huku maji ya miwa yakipata moto. Chokaa huua uchachu na kuufanya uchafu ugande na kupanda juu kuwa povu zito, ambalo huenguliwa kwa upawa wa matundu. Ikipungua, nguru huwa chachu na baada ya wiki chache ghalani huanza kutoka jasho na kushikana na gunia. Ikizidi, nguru huwa nyeusi na yenye ladha ya sabuni, na mnunuzi ataitambua kabla ya kuonja. Hakuna kipimo kimoja kinachofaa siku zote, kwa sababu muwa wa mvua na muwa wa kiangazi haufanani, wala muwa uliokomaa na ule uliokatwa mapema kwa ajili ya karo ya shule.

Kutoka hapo shira huhamishwa karai kwa karai, kila moja likiwa karibu zaidi na mdomo wa moto. Fundi wa karai la mwisho ndiye mwenye kiwanda, hata kama jina lake halimo kwenye leseni. Shira ikifika nyuzi joto 118 hivi lazima ishushwe. Wengi hawatumii kipimajoto: hudondosha tone kwenye maji baridi na kulifinyanga kwa vidole. Likiyeyuka, bado. Likiwa gololi inayobonyea, tayari. Likiwa gumu na kuvunjika, imepita, na karai zima litaonja uchungu wa kuungua. Kati ya tayari na imepita ni dakika chache tu. Baada ya hapo humwagwa kwenye hori pana, hukorogwa kwa mwiko wa mti mpaka ianze kushika chembe, kisha hutiwa kwenye kalibu. Kilo 100 za miwa zimezaa kilo 10 hivi za nguru.

Sasa tazama kinachokiua kiwanda kama hiki. Mara nyingi huanza kwenye rola. Mifereji ya rola ikilika na bushi za shaba zikilegea, nafasi kati ya rola hupanuka na muwa hupita bila kukamuliwa vizuri. Badala ya kilo 600 za maji kwa tani moja ya miwa, unapata 500. Hiyo ni hasara ya takriban kilo 17 za nguru kwa kila tani, na mkulima bado anadai bei ile ile ya miwa. Hasara ya pili ni mbaya zaidi kwa kuwa haionekani: makapi yametoka yakiwa na maji mengi. Makapi ndiyo kuni ya kiwanda. Yakiwa makavu, yaliyoanikwa siku mbili tatu za jua, yanatosha kuchemsha maji yote ya miwa yaliyotoka humo. Yakiwa mabichi, moto hufifia, moshi hujaa bandani, shira hukaa motoni muda mrefu na kuwa nyeusi, na mwenye kiwanda huanza kununua kuni. Anayenunua kuni kwa msimu mzima amekwisha, hata kama hajajua.

Dawa ni kuvua rola mapema, kumpelekea fundi wa kukereza vyuma mjini, kuchonga mifereji upya na kubadilisha bushi. Kazi hiyo inafaa kufanywa msimu wa miwa michache, si katikati ya msimu wa kusaga. Familia iliyodumu ni ile inayoweka kando pesa za rola kabla ya kugawana faida. Tumeona viwanda vyenye injini mpya vikifa na vingine vyenye injini ya tangu enzi za babu vikiendelea, na tofauti ilikuwa hapo.

Tusifichane: sehemu ya nguru ya magharibi huishia kwenye mapipa ya chang'aa, na jambo hilo limefanya biashara nzima itazamwe kwa jicho la polisi. Nyingine huenda kwa wapika chai vijijini na kwa wanaotengeneza chakula cha mifugo. Viwanda vikubwa navyo hulalamika kwamba nguru inawaibia miwa, hasa miwa inapoadimika kama mwaka 2023, serikali iliposimamisha usagaji kuanzia Julai ili miwa ikomae. Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake. Lakini mkulima aliyekaa miezi bila kulipwa na kiwanda kikubwa, kisha akaona banda la nguru likilipa taslimu siku hiyo hiyo, hahitaji mhubiri wa kumweleza aende wapi.

Linganisha banda hilo na Miwani. Kiwanda cha Miwani kilianza 1922, cha kwanza cha aina yake nchini, na kilizaa mji wenye stesheni, nyumba za wafanyakazi, shule na zahanati. Mapema miaka ya 2000 kilinyamaza, na ardhi yake ya zaidi ya ekari 9,000 ikawa suala la mahakama. Chuma chenye thamani kubwa kuliko viwanda vyote vya nguru vya Kibos kikabaki kuliwa na kutu na wezi wa vyuma chakavu. Banda la mabati limeishi zaidi ya jengo la mawe. Sababu kubwa, kwa maoni yetu, ni umbali kati ya mtu anayesikia rola ikilia na mtu mwenye ruhusa ya kutoa pesa za kuitengeneza. Bandani ni mtu mmoja. Katika kiwanda cha serikali, kati yao kuna kamati, zabuni na wizara.

Hii haimaanishi kwamba familia daima ni bora. Muhoroni (1966) na Chemelil (1968) viliwahi kufanya kazi vizuri mikononi mwa serikali. Na mwaka 2025 serikali ilivikodisha viwili hivyo, pamoja na Nzoia na Sony ya Awendo, kwa kampuni binafsi kwa miaka 30. Nzoia imeangukia kampuni ya Kabras, ambayo yenyewe ni biashara ya familia iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wanaopenda historia wangefaa kufika huko sasa hivi wakiwa na daftari, kabla ya wakodishaji wapya kusafisha yadi. Mtambo wa zamani usioandikwa popote ni chuma chakavu kwa kilo. Ukiandikwa kwenye orodha iliyoambatanishwa na mkataba (namba yake, aliyeuunda, mahali ulipo, picha nne) mwenye kuuza atalazimika kujieleza. Vivyo hivyo kwa ramani za mashamba, vitabu vya mishahara na daftari za mizani, ambazo ndizo huchomwa kwanza.

MV Uhuru ni ushahidi wa upande mwingine. Meli hiyo ya 1966, ya kuvusha mabehewa ya treni, ililala Kisumu kwa zaidi ya muongo mmoja, kisha ikarudi ziwani mwishoni mwa 2019. Iliwezekana kwa sababu karakana ilikuwa bado pale, na chelezo, na watu wanaojua kuchomelea bamba la meli. Kisumu ingekuwa imegeuza karakana ile kuwa hoteli ya kutazama machweo, Uhuru ingeuzwa kwa kilo.

Turudi kwenye maduka ya mjini. Yale majengo ya ghorofa moja au mbili yenye baraza mbele na ukuta uliopanda juu ya paa, ukiwa na jina la familia na mwaka, yana ugonjwa mmoja unaofanana, na uko nyuma ya ukuta ule ule unaopigwa picha. Nyuma ya jina na mwaka kuna gata iliyojificha, mahali paa linapokutana na ukuta. Maji ya nusu ya paa huishia humo, na tundu la kutolea ni bomba moja la milimita 75, wakati mwingine dogo zaidi. Majani, kinyesi cha njiwa na kutu huliziba. Mvua ya Aprili ikija, maji hayana pa kwenda isipokuwa ndani: yanateremka ukutani, yanaozesha ncha za kenchi zilizochimbiwa humo, mchwa wanafuata unyevu, na baada ya miaka michache ukuta wa jina huanza kuinamia barabara. Hapo kaunti hubandika tangazo kwamba jengo ni hatari, na kweli ni hatari.

Kinga yake ni kazi ya siku mbili. Safisha gata kabla ya mvua za Machi na tena kabla ya zile za Oktoba. Panua tundu liwe milimita 100, na toboa la pili juu kidogo ya la kwanza, lipite moja kwa moja ukutani kwenda nje. La kwanza likiziba, maji yatamwagika barabarani na kila mtu atayaona, badala ya kumwagika ndani pasipoonekana. Maji ya bomba yasiachwe kwenye mguu wa ukuta. Kano yote na sehemu za chini za Kisumu zina udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, kwa hiyo yapelekwe mita moja na nusu au mbili mbali na msingi. Ufa unaopanda kimshazari kutoka kona ya dirisha, unaofunga masika na kufunguka kiangazi, umetoka kwenye udongo huo. Kuuziba kwa simiti bila kuhamisha maji ni kupoteza simiti.

Mabati nayo. Ya zamani yalikuwa mazito, ndiyo maana mengine yamefikisha miaka 80 yakiwa na kutu ya juu tu. Anayeyavua na kupiga geji 32 (namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba) kwa kuwa ni rahisi, paa lake litakuwa limetoboka kabla mtoto wake hajamaliza shule, hasa pale mafundi wanapokanyaga wakienda kusafisha gata. Kwa paa la kukanyagwa, geji 28. Kama pesa hazitoshi, weka nzito mita mbili za kando ya gata na nyepesi kwingineko.

Kosa la kawaida zaidi kwenye kuta ni plasta ya simiti. Kuta nyingi za kabla ya vita vya pili vya dunia zilijengwa kwa mawe laini, hasa yale ya volkano yanayochongwa Nakuru, zikashikizwa kwa chokaa. Ukuta kama huo hunyonya maji na kuyatoa tena. Ukiuvika simiti, maji yanaingia kwa nyufa ndogo na hayatoki. Chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, jiwe hugeuka unga, na siku moja plasta huanguka kipande kizima ikiwa imebeba uso wa jiwe. Kisha fundi husema jiwe lilikuwa bovu.

Inayotakiwa ni chokaa, na iko karibu. Koru ina mawe ya chokaa na tanuri zake, zikiwemo za kampuni ya Homa Lime, ambazo wateja wake ni pamoja na viwanda vya sukari: chokaa ile ile inayosafisha maji ya miwa ndiyo inayotakiwa na ukuta wa duka la Kisumu. Ila ununue kwa macho. Kwenye maduka ya pembejeo kuna chokaa ya shambani, ambayo ni jiwe lililosagwa tu bila kuchomwa. Inatibu udongo wenye asidi, lakini kwenye ukuta haitashika hata ukingoja mwaka. Unataka iliyochomwa na kuzimwa. Ukipata isiyozimwa, mimina chokaa kwenye maji, usimimine maji kwenye chokaa. Huchemka kwa nguvu na kurusha, na tone moja jichoni linaweza kukupofusha, kwa hiyo miwani ya kazi na glavu si mapambo. Iache izame chini ya maji kwa wiki kadhaa iwe laini.

Mchanganyiko ni chokaa moja kwa mchanga tatu, mchanga mkali uliooshwa, si ule wa udongo udongo. Lowesha ukuta kwanza. Kila pako lisizidi milimita 10, na pako linalofuata lisubiri la kwanza ligumu. Kisha kazi ambayo mafundi wa Kisumu hawaipendi: kuning'iniza magunia mabichi mbele ya ukuta na kuyalowesha asubuhi na jioni kwa wiki nzima, kwa maana jua la huko hukausha chokaa kabla haijashika, na iliyokauka bila kushika hupukutika kwa kuguswa. Fundi anayelipwa kwa mita ataruka hatua hii. Mlipe kwa siku, au umpe kijana mmoja kazi ya ndoo.

Hayo yote ni kazi bure kama anayekaa ndani hana sababu ya kutengeneza, na hapo tunafika kwenye karatasi. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji wa maduka na hoteli, Sura ya 301, humlinda mpangaji wa biashara asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano. Mwenye jengo hawezi kumpandishia kodi au kumtoa bila notisi rasmi isiyopungua miezi miwili, na mpangaji akipinga, suala huenda mbele ya jopo la mizozo ya kodi za biashara. Ulinzi huu umeweka hai maduka mengi ya cherehani, vipuri vya baiskeli na nguo za shule ambayo kodi ya soko ingeyafagia. Papo hapo umeua majengo. Mwenye jengo anayepokea kodi ya chini hatagusa paa, na mpangaji anayejua kwamba jengo si lake hatalipia paa la mwenzake. Na mojawapo ya sababu ambazo sheria inamruhusu mwenye jengo kumtoa mpangaji ni nia ya kubomoa na kujenga upya. Yaani sheria inamlinda mpangaji mpaka siku jengo linapokuwa bovu vya kutosha.

Njia ya kutokea ipo na haihitaji bunge. Wawili hao waandikishe mkataba wa miaka sita au zaidi: kodi ipande kiasi, mpangaji atengeneze paa na gata kwa gharama zake, na gharama hiyo ikatwe kwenye kodi kwa miezi iliyoandikwa. Mwenye jengo ajue mwisho wake, mpangaji ajue kwamba mabati aliyonunua yatamsitiri yeye. Tatizo ni kwamba mkataba mrefu unamtoa mpangaji nje ya kinga ya Sura ya 301, na wazee wengi wa madukani wanaijua sheria hiyo kuliko mawakili wao. Hawatasaini kwa kuombwa kwa upole. Watasaini kama kilemba (pesa ya kuingilia duka) walicholipa zamani kitatambuliwa kwa maandishi.

Urithi wa familia ni jeraha lingine, na Nakuru imetoa mafunzo yake hadharani. Nakumatt ilianza kama duka la magodoro mjini Nakuru. Tuskys na Naivas zote zilichipuka Rongai, katika kaunti hiyo hiyo, katika miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990. Kaunti moja ilizaa minyororo mitatu mikubwa ya maduka ya jumla na rejareja. Wadai wa Nakumatt walipiga kura ya kuifunga Januari 2020 baada ya madeni ya wauzaji bidhaa kuishinda. Tuskys, ambayo ndugu zake walikuwa wameshafikishana mahakamani mara kadhaa tangu mwasisi afariki, ilianza kuporomoka mwaka huo huo. Naivas nayo ilikuwa na kesi zake za kifamilia, lakini ilianza kuuza hisa kwa wawekezaji wa nje 2020, na 2022 kundi lililoongozwa na IBL ya Mauritius likachukua asilimia 40. Wapo wanaosema familia imepoteza mali. Sisi tunaona kwamba ndiyo iliyobaki wazi.

Kwa duka la kawaida hatari ni ndogo kwa ukubwa lakini ni ile ile. Baba akifa bila wosia, na akaunti, leseni na hati ziko kwa jina lake, hakuna anayeweza kisheria kugusa mali hiyo kabla ya mahakama kutoa barua za usimamizi, na kwa kawaida barua hizo huthibitishwa baada ya miezi sita. Duka la vipuri haliwezi kukaa miezi sita bila kununua bidhaa. Mtoto mmoja huendelea kuuza kimyakimya, ndugu zake humshtaki kwa kuingilia mali ya marehemu, na mwisho ploti huuzwa wagawane. Mnunuzi wa ploti hanunui duka. Kampuni ndogo yenye hisa zilizogawiwa baba angali hai ingeondoa karibu yote hayo, kwa kuwa mwenye mali huwa ni kampuni, na kampuni haifi pamoja na baba.

Kuna mtego mmoja hapo, hasa kwa familia za Kisumu zenye ndugu Uingereza na Canada. Katiba ya 2010 inaihesabu kampuni kuwa ya raia pale tu inapomilikiwa na raia kwa asilimia zote. Dada mmoja aliyeacha uraia wa Kenya zamani, akiwa na hisa kumi, anaigeuza kampuni nzima kuwa ya mgeni. Na raia ndiye anayepewa kipaumbele na Sheria ya Ardhi kupata tena ardhi aliyokuwa akiikodi muda unapoisha, mradi serikali haiihitaji kwa matumizi ya umma. Uraia wa nchi mbili unaruhusiwa tangu 2010, kwa hiyo dada huyo anaweza kuomba uraia wake urudishwe. Afanye hivyo kabla ya maombi ya ardhi, si baada.

Ploti nyingi za mijini katika ukanda huu zilitolewa kwa miaka 99, na zile za miaka ya 1920 zinafika mwisho sasa hivi, za miaka ya 1930 zikifuata. Kanuni za 2017 zinaitaka Tume ya Ardhi imjulishe mwenye ploti ndani ya miaka mitano kabla ya muda kuisha, kwa barua ya rejista. Barua hiyo hutumwa kwa anwani iliyo kwenye faili, na katika familia nyingi anwani hiyo ni sanduku la posta la babu. Kwa hiyo usiingoje. Fanya upekuzi kwenye masjala ya ardhi, soma tarehe ya kuanza iliyo kwenye hati na si tarehe ya kununua, lipa madeni yote ya kodi ya ardhi kwa kaunti na serikali kuu mpaka upate cheti kwamba hudaiwi, kisha peleka maombi ya nyongeza muda ungali unahesabika. Ukiomba kabla haujaisha, unaomba kuongezewa. Ukiomba baada ya kuisha, unaomba upewe upya ardhi ambayo huenda tayari kuna mwingine ameiandikia barua.